Lengo Lisilo na Jirani

Yapo mafunzo mengi siku hizi yenye nia njema na matunda haba. Mojawapo ni haya ya kuwakusanya vijana ukumbini, kumpa kila mmoja karatasi na kalamu, na kumwagiza aandike malengo yake binafsi ya kukua katika stadi za kukaa na watu. Kijana huinama akaandika. Mmoja ataka kujiamini. Wa pili ataka kusema mbele ya hadhara bila kutetemeka. Wa tatu ataka kuongeza marafiki. Wa nne, kwa sababu muda umekwisha na chakula ki tayari, hunakili maneno ya wa kwanza. Karatasi hukusanywa, huhesabiwa, hutiwa katika jalada, na idadi yake hupelekwa kwa mfadhili iwe ushahidi wa kazi. Jioni vijana hurudi makwao, na ujirani waliouacha asubuhi huwapokea kama ulivyokuwa.

Makala haya hayapingi kijana kujiwekea lengo. Yanashikilia kuwa kijana asiye na lengo katika mambo ya watu ni kama mtumbwi usio na kafi, ambao hauendi ila kule maji yaendako. Linalopingwa ni lengo lisilo na jirani. Lengo la kukaa na watu ambalo halimtaji mtu, halitaji tendo, na shahidi wake ni mwandishi wake peke yake, ni lengo la kujipenda lililovishwa nguo ya kuazima. Mahali pengine kosa hili ni upotevu wa karatasi tu. Katika wilaya ya Kilosa ni hatari, na sababu ya hatari hiyo itaelezwa.

Kiswahili chenyewe kilikwisha kulikata shauri hili kabla ya washauri kufika. Neno lengo limetokana na kulenga, na alengaye hujielekeza kwenye kitu kilicho nje ya mwili wake. Hapana mpiga upinde aliyepata kusifiwa kwa kuulenga upinde wake mwenyewe. Kadhalika neno stadi, ambalo leo hutumiwa kwa maana ya ujuzi, lilikuwa na bado ni sifa ya mtu: fulani ni stadi wa kuchonga, fulani ni stadi wa kushona. Ustadi wake ulijulikana kwa mlango uliofunga sawasawa na kwa kanzu iliyomkaa mvaaji. Seremala hakuulizwa kama ajiona seremala; aliulizwa mwenye mlango. Basi ikiwa kukaa na watu ni stadi, wa kuulizwa ni watu wanaokaa na kijana huyo, na jibu la kijana mwenyewe lafaa kuja nyuma ya jibu lao.

Kilosa si mahali pa watu wa asili moja. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda ni wenyeji wa kale wa milima na mabonde ya nchi ile. Njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipanda kwa bonde la mto Mkondoa. Reli ya kati, iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ikapita humo. Na mashamba ya mkonge ya Kimamba, Rudewa na kwingineko yakavuta vibarua kutoka kusini, magharibi na pande nyingine za Tanganyika. Bei ya mkonge ilipoanguka katika miaka ya 1960, na mashamba mengi yakadhoofu baadaye, wengi wa vibarua hao na watoto wao hawakurudi kwa mababu. Walibaki wakalima. Katika nyanda hizo hizo wamo wafugaji, Waparakuyo na Wamasai, na kijiji chao cha Twatwatwa ni kijiji kama vijiji vingine vya wilaya.

Watu hawa hawakuwa maadui wa kuzaliwa. Mfugaji hula mahindi asiyoyalima, na mkulima hunywa maziwa asiyoyakama. Baada ya mavuno mabua yaliyobaki shambani yafaa kuwa chakula cha ng'ombe, na samadi ya ng'ombe yafaa kuwa chakula cha shamba. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu ya watu wa Kilosa walipoteza makazi, na maji hayakumwuliza mtu kabila lake wala kazi yake. Hata hivyo, mwezi wa Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wafugaji walipowashambulia wakulima baada ya mvutano juu ya ardhi, maji na malisho. Mwaka 2008 damu ikamwagika tena wilayani humo kwa ugomvi wa namna ile ile.

Na liulizwe swali moja ambalo aghalabu halina mwenye kuliuliza. Katika magomvi ya namna hii, mikono ishikayo silaha huwa ya nani? Kwa wafugaji, ulinzi wa mifugo ni kazi ya vijana wa rika la moran. Kwa wakulima, vijana ndio walalao shambani, na ndio waitwao sungusungu inapopigwa kelele ya hatari. Kisha, damu ikisha kukauka, nani hukaa katika kikao cha suluhu? Hukaa wazee, viongozi na maofisa. Kijana hupewa kazi ya silaha akanyimwa kazi ya maneno, kisha hushangaliwa kwa kuwa ajua silaha na hajui maneno. Samaki hukunjwa angali mbichi. Lakini huyu amekaushwa juani kwa makusudi, na anapovunjika hulaumiwa yeye.

Hapa ndipo ile karatasi ya ukumbini ionekanapo thamani yake. Kijana wa Rudewa aandikapo kwamba lengo lake ni kujiamini, mtu na aulize: kujiamini mbele ya nani? Yule aliyeshika rungu usiku wa ugomvi hakupungukiwa na kujiamini. Kijana mwingine aandika kwamba ataongeza marafiki. Marafiki wa upande upi? Jeshi nalo ni marafiki wengi. Hapana sifa hata moja kati ya hizi zinazoandikwa kila siku ambayo haiwezi kupatikana kwa ukamilifu ndani ya kundi linalokwenda kumchomea jirani nyumba. Ujasiri, umoja, ufasaha wa kuamsha watu na uongozi vyote hupatikana humo. Lengo ambalo mtu aweza kulitimiza huku akimdhuru jirani yake haliwezi kuitwa lengo la ujirani.

Watakuwapo watakaosema kuwa maneno haya yanaugeuza ugomvi wa ardhi kuwa ugomvi wa adabu. Hoja hii ni nzito na haifai kupitwa kwa mbio. Wanachuoni Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Moshi Abdallah walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wao juu ya mauaji ya Kilosa. Humo waliitafuta mizizi ya ugomvi katika sera zilizomsukuma mfugaji pembeni kwa miaka mingi, na katika rushwa iliyowafanya watu wasiviamini vyombo vya kutoa haki. Nani awezaye kukana? Salamu nzuri haichimbi kisima. Tabasamu haliweki mpaka wa kijiji. Anayewaambia vijana wapendane huku mipaka ikiuzwa gizani anawafundisha kuwa wanyonge wenye heshima.

Lakini hoja hiyo, pamoja na uzito wake, haitoshi kuliondoa shauri hili. Kati ya ng'ombe kuingia shambani na mtu kuuawa kuna saa nyingi, na saa hizo hujazwa maneno. Kijana mmoja akisema, "Ng'ombe wenu wameingia, njoo na baba yako tuhesabu mashina yaliyoliwa," jambo hilo limeelekea kwenye fidia. Mwingine akilitaja kabila la mwenye ng'ombe kwa tusi, limeelekea kwenye kaburi. Shamba ni lile lile, ng'ombe ni wale wale, na sera ya serikali ni ile ile. Sheria ya ardhi hutoka Dodoma. Neno la kwanza hutoka kinywani mwa kijana aliyesimama kwenye mpaka wa shamba, na hapana bunge liwezalo kulitunga kwa niaba yake. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole lililojikwaa humwumiza mwenyewe, na katika Kilosa ulimi uliojikwaa umekwisha kuwaumiza wasiokuwapo.

Tena, adabu inayotetewa hapa si ile ya kuinamisha kichwa. Adabu isiyodai haki ni utumwa uliofuliwa ukapigwa pasi. Kudai ni stadi ya kukaa na watu sawa na kusalimu, na ni ngumu zaidi. Kijana aliyejifunza kumdai mpokea faini stakabadhi bila kumtukana na bila kumwogopa ameshinda jambo kubwa. Kijana aliyejifunza kusimama katika mkutano wa kijiji, akauliza mapato na matumizi kwa sauti ya kawaida, akakaa, na akarudi mwezi ujao kuuliza tena, huyo ameipiga rushwa pigo ambalo semina nyingi hazijaipiga. Basi mwenye kusema kuwa mzizi wa ugomvi ni rushwa na aone kwamba anadai vijana wafundishwe kusema na wakubwa, na hiyo ndiyo stadi inayozungumzwa.

Upande wa pili wa wapinzani ni wa wazee. Hawa husema adabu haiwekewi lengo. Adabu hunyonywa pamoja na maziwa ya mama, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwao kijana kuandika kwamba mwezi huu atajifunza kusikiliza ni kichekesho, kama mtu kuandika kwamba mwezi huu atajifunza kuwa mtoto wa babaye.

Wazee wanaosema hivi wameyasahau ya kwao. Jando lilikuwa nini, kama si shule ya malengo? Mwari aliingia akijulikana kuwa hajui, akapewa mambo ya kujua kwa utaratibu, moja baada ya jingine. Alitiwa mizungu aifumbue. Aliwekewa mkufunzi wa kumwongoza na watu wazima wa kumpima, na hakutoka kabla ya wengine kushuhudia kwamba amefaa. Hakuna aliyesema maziwa ya mama yatosha. Kama yangetosha, jando lisingekuwapo.

Utani nao ulikuwa chuo. Mtu asiyejua hudhani utani ni kusema ovyo, kumbe ni kusema kwa kipimo. Mtani alijua nani wa kutaniwa na nani wa kuheshimiwa, neno lipi lachekesha na lipi lajeruhi, mahali gani mzaha waanza na mahali gani wakoma. Msiba ulipotokea alikuwa na kazi zake, na kwa ucheshi wake aliwarudisha wafiwa kwenye maisha. T. O. Beidelman, aliyekaa na Wakaguru katika miaka ya 1950, aliandika mwaka 1966 juu ya utani wao. Na katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya habari za utani wa makabila mengi ya Tanzania. Msomaji wa habari hizo haoni watu waliozaliwa na adabu tumboni. Aona watu waliofundishwa adabu, wakakosea, wakatozwa, wakajirekebisha. Mengi ya makabila hayo yalifanya utani na watu waliokutana nao katika njia za misafara na hata vitani. Adui wa jana alifanywa mtani wa leo kwa mazoezi ya ulimi.

Wazee hao wajibiwe jambo jingine pia. Jando lilimfunza kijana kukaa na ukoo wake, rika lake na wakwe zake, na lilifanya hivyo vizuri. Halikumfunza kijana wa Kikaguru kujadiliana na moran juu ya njia ya ng'ombe, wala halikumfunza moran kuomba radhi kwa mjane ambaye migomba yake imevunjwa. Kila upande ulikuwa na adabu kamili kwa watu wake na pengo kwa jirani. Pengo hilo halijazwi kwa kuwasifu mababu. Hujazwa kwa kijana wa leo kujifunza kwa kusudi kile ambacho babu yake hakufunzwa, na kujifunza kwa kusudi ndiko kujiwekea lengo.

Upande wa tatu ni wa wataalamu wa semina wenyewe. Hawa wana kanuni, na kanuni wanayoipenda kuliko zote husema lengo liwe mahususi, lipimike, liwezekane, na liwe na muda. Kanuni hiyo si mbaya, lakini yafaa ijulikane kwao ni wapi. George Doran aliitangaza mwaka 1981 katika jarida la mameneja la Marekani, ili kuwasaidia wakubwa wa makampuni kuandika malengo ya kazi. Katika kampuni, bidhaa hupimwa kwa mizani na mauzo kwa fedha. Mtu alipoichukua kanuni hiyo akaipeleka kwa kijana wa Kimamba ili apimie upole wake, alichukua pishi akaenda kupimia upepo. Ndiyo sababu kijana huandika kinachohesabika badala ya kinachofaa: atapata marafiki kumi, atasema mbele za watu mara tatu. Na yule jirani mmoja, ambaye hajasemezana naye tangu mvua za mwaka juzi, hamo katika hesabu.

Kitabu cha Dale Carnegie cha mwaka 1936 juu ya kupata marafiki na kuwavuta watu kimeuzwa duniani kote, na wako walimu wa semina wanaokifundisha hata bila kujua kwamba wanakifundisha. Mafundisho ya namna hiyo humwona mtu mwingine kuwa mlango wa kupitia. Msalimie kwa jina lake, kwa kuwa atakupendelea; msikilize, kwa kuwa atanunua. Julius Nyerere, alipotoa mwaka 1967 andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, aliilaumu elimu ya kikoloni kwa kuukuza ubinafsi wa mtu badala ya ushirikiano wake. Baadhi ya mafunzo ya leo ya malengo binafsi yameurudisha ubinafsi ule ule kwa mlango wa nyuma, safari hii ukiwa umejifunza kutabasamu.

Mikumi yatoa ushahidi wa pande zote mbili, na inafaa itazamwe kwa haki. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia hupita katikati yake. Mji wa Mikumi umekaa baada ya hifadhi, mahali ambapo njia ya Kidatu na Ifakara huachana na barabara kuu. Huko mabasi husimama, malori hulala, na watalii hupita. Kijana wa Mikumi, msichana au mvulana, auzaye karanga dirishani mwa basi ana dakika chache za kumtambua mnunuzi, kumsemesha, kukubali kukataliwa na kwenda dirisha la pili bila kinyongo. Hizo ni stadi za kukaa na watu, na amezipata bila karatasi.

Yuko pia kijana wa mji huo huo atakaye kuwaongoza wageni. Huyo hujifunza salamu za Kiingereza, za Kijerumani, pengine na za Kitaliano. Hujifunza kungoja mgeni amalize kusema. Hujifunza kutocheka mgeni aogopapo nyani. Hakuna mzee amwambiaye kuwa adabu haifundishiki, na wala hahitaji mtaalamu wa kumwandikia kanuni. Anajua nani ataka kumfaa, anajua la kutenda, na anajua ni nani atakayempa jibu. Kwa hiyo anafaulu.

Ushahidi huu unawafedhehesha wanaosema vijana hawawezi. Waweza, na wameweza. Lakini unafedhehesha pia kitu kingine. Kijana ajifunzaye salamu za nchi tatu za mbali kwa ajili ya bakshishi, naye hajui salamu ya Kimasai ya watu wanaouza maziwa sokoni mwake, ameelekezwa vibaya. Kosa si lake. Dunia imemwonyesha kwamba adabu kwa mgeni ina malipo, na haikumwonyesha kwamba adabu kwa jirani ina malipo makubwa zaidi, ambayo ni kulala usiku bila kuweka mlinzi. Mgeni hukaa siku mbili akaenda zake. Jirani yupo msimu wa mvua na yupo kiangazi, yupo kwenye arusi na yupo kwenye mazishi. Stadi inayomtumikia apitaye na kumsahau akaaye ni biashara njema, lakini bado haijawa utu.

Basi lengo jema ni lipi? Kwanza, limtaje mtu. Halisemi "watu" wala "jamii". Lasema mtoto wa fulani ambaye mifugo yake hunywa kwenye kijito kile kile, au dada wa kambo ambaye kijana hazungumzi naye, au mwalimu anayemwogopa. Pili, litaje tendo dogo liwezalo kuonekana kwa macho: kumsalimu wa kwanza, kumwuliza habari na kungoja jibu hadi mwisho, kurudisha jembe siku iliyoahidiwa, kusema "hapana" bila kutoa sababu ya uongo. Tatu, liwe na siku. Nne, na hili ndilo linalosahauliwa, liwe na shahidi ambaye si mwenye lengo. Kijana aliyesema atajifunza kusikiliza asiulizwe kama amesikiliza. Aulizwe yule aliyekuwa akisema.

Na uchukuliwe mfano wa vijana wawili wa umri mmoja, mkulima na mchungaji, katika nyanda za Kilosa. Hawaambiwi wapendane, kwa kuwa upendo hauamrishwi. Mkulima ajiwekea lengo kuwa kabla ya mvua za masika atamjulisha mchungaji kwa mdomo wake mwenyewe mahali alipopanda mwaka huu. Mchungaji ajiwekea lengo kuwa ng'ombe wakipotea njia, atakwenda yeye kwanza kwa mwenye shamba kabla mwenye shamba hajaja kwake. Shahidi wa mmoja ni mwingine. Haya ni mambo madogo hata yaonekane ya kitoto, lakini haba na haba hujaza kibaba. Atakayeyacheka na aonyeshe jambo kubwa alilokwisha kulitimiza yeye.

Mahitaji ya vijana hayafanani, na hapa ndipo neno "binafsi" lipatapo haki yake. Kijana mkimya asilazimishwe kuwa msemaji. Ukimya si ugonjwa, na yeye huenda akawa msikilizaji bora kuliko wote. Lengo lake laweza kuwa kusema neno moja la lazima kwa mtu mmoja wa lazima. Kijana msemaji lengo lake laweza kuwa kunyamaza. Mwenye hasira ajifunze kuondoka mahali kabla ulimi haujatoka, na kurudi kesho yake, kwa kuwa kuondoka bila kurudi ni woga. Mlezi asimwandikie kijana lengo lake. Lengo la kuandikiwa ni amri, na amri hufuatwa maadamu mwenye fimbo yupo. Kazi ya mlezi ni kuuliza maswali matatu, na kuyauliza kila mara: Ni nani? Utatenda nini? Nani atashuhudia? Na kijana akishindwa, asifanywe kichekesho cha baraza. Aulizwe tena maswali yale yale, na tendo lipunguzwe udogo hadi liwezekane.

Haifai kuwasahau wasichana, kama wanavyosahauliwa katika vikao vingi. Maziwa ya mfugaji hufika kwa mkulima aghalabu mikononi mwa wanawake. Hao wamevuka mpaka huo siku nyingi wakibeba vibuyu. Wamepatana bei, wamekopesha, wamedai, wamejuliana hali, wakati ndugu zao wa kiume wamenuniana. Wanayo tayari stadi ambayo vijana wa kiume huitiwa semina kufundishwa, nao hawaalikwi kuwa walimu. Kikao cha amani kisichomwita muuza maziwa kimeyapuuza maji kisimani kikaenda kuomba mvua.

Linabaki neno kwa wenye elimu, kwa kuwa jarida hili husomwa nao. Chuo Kikuu huwafundisha wanafunzi kuchambua mazungumzo ya watu walio katika vitabu, na ni jambo jema. Walakini mwanafunzi awezaye kueleza mivutano ya wahusika wa riwaya kurasa kumi, naye hawezi kumwambia mwenzake wa chumba kwamba amemkosea, amesoma nusu ya somo. Kesho huyo ndiye atakayetumwa Kilosa kuwa mwalimu, ofisa wa kata au hakimu. Atapokea mashtaka ya ng'ombe na mashina ya mahindi. Ikiwa hajapata kujiwekea lengo lenye jirani ndani yake, atawapa vijana karatasi, atazikusanya, atazihesabu, na ataandika taarifa njema.

Reli mpya iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024 yapita Kilosa kama ile ya kale. Italeta watu wengine, kama ya kale ilivyoleta, na wageni hao watakuwa majirani kabla ya kutambuliwa kuwa wageni. Haiwezekani kuwazuia, wala haifai. Linalowezekana ni kumwandaa kijana atakayekutana nao. Na maandalizi hayo yaanze na kuzichana zile karatasi za ukumbini zilizo na jina moja tu, kisha kuziandika upya zikiwa na majina mawili: la mwenye lengo, na la jirani atakayeulizwa kama limetimia.